Bunduki ya kwanza ya kujipakia: ya .22, AR-15 au ya ukoo wa Kalashnikov?

Mpwa wangu anaishi karibu na Dallas, Texas, na Desemba iliyopita alikuja Nakuru kwa wiki tatu. Hata chai ya kwanza hakuimaliza. Aliniwekea simu mbele ya kikombe, picha tatu za bunduki zimepangwa kama viatu dukani, akasema, "Mjomba, wewe umefundisha askari kulenga shabaha miaka 11. Nikirudi nataka kununua ya kwanza. Nichukue ipi?"

Picha ya kwanza ilikuwa Ruger 10/22, ambayo hula risasi ndogo za .22. Ya pili ilikuwa AR-15. Ya tatu ilikuwa ya ukoo wa Kalashnikov, yaani jamaa ya AK-47, kazi ya kiwanda cha Serbia. Zote tatu ni nusu otomatiki: ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja, bunduki yenyewe inatupa ganda na kupakia nyingine, kisha inakungoja uvute tena. Jibu nililitoa pale pale. Hakulipenda, na tulibishana hadi Mwaka Mpya. Nayaandika mabishano hayo kwa sababu najua nyumba nyingi za huku zina kijana ng'ambo mwenye swali hilo hilo.

Kwa aliye Nakuru, Kisumu au Kakamega, swali lenyewe halipo. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inazitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina, pamoja na zinazofanana nazo, na adhabu ya kukutwa nazo inafika kifungo cha maisha. Raia anayetaka silaha huomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na anachoweza kutarajia ni bastola, bunduki ya marisau, au bunduki ndefu ya kukokiwa kwa mkono kila risasi. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1977, na nyani wakikuvamia mahindi kule Subukia unawaita KWS, shirika la wanyamapori, huendi kutafuta bunduki. Kwa hiyo yanayofuata yote ni ya kule kule Marekani. Usije nayo nyumbani, wala kipande chake, wala risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti. Uwanja wa ndege hautacheka nawe.

Kabla ya picha yoyote nilimuuliza kuhusu karatasi zake. Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, huingia dukani kama raia. Aliye kwa viza ya masomo, ya kazi ya muda au ya kutembea, sheria ya shirikisho inamkataza hata kuwa nayo, isipokuwa kwa milango michache kama leseni halali ya uwindaji. Mpwa wangu ana kadi. Mwenzake wa chumba hana, na hilo peke yake lilitupa jioni nzima ya mazungumzo.

Dukani utajaza fomu 4473, kisha muuzaji anakuchunguza kupitia mfumo wa FBI. Fomu inauliza kuhusu bangi, na haijali kama jimbo lako limeiruhusu. Inauliza pia kama mnunuzi halisi ni wewe. Hapo ndipo ninapowahofia watu wetu. Sisi tumezoea kusaidiana: "Nichukulie, nitakutumia pesa." Kule, kuchukua pesa za mwenzako na kumnunulia bunduki kwa jina lako ni jinai, hata kama mmezaliwa tumbo moja. Kwa mhamiaji, hukumu ya namna hiyo inaweza kuondoka na kadi yake. Bora uitwe mchoyo.

Majimbo nayo hayafanani. Kwa shirikisho, duka linaweza kukuuzia bunduki ndefu ukiwa na miaka 18. Jimbo la Washington linataka 21 kwa nusu otomatiki. New York, New Jersey, Illinois na Washington zimezuia uuzaji wa AR-15 za kawaida, wakati Texas unaikuta rafuni kama sufuria. Anayeishi New Jersey asome ulinganisho huu akijua kwamba nusu yake haimhusu.

Sasa pesa. Watu hulinganisha bei ya bunduki na kusahau bei ya kuilisha. Ruger 10/22 mpya huwa kati ya dola 300 na 400. AR-15 ya kuanzia ni kati ya 500 na 800, na mara nyingi inakuja bila kilengeo chochote, kwa hiyo unaongeza. Ya Serbia hukaribia au kupita 1,000. Ukiishia hapo utasema tofauti si kubwa kwa mtu anayefanya kazi ya hospitali usiku.

Lakini risasi ya .22 huuzwa kama senti 8 za dola. Ya 5.56, chakula cha AR, ni kama senti 50. Ya 7.62×39, ya ukoo wa Kalashnikov, zamani ndiyo ilikuwa rahisi, lakini Marekani ilipofunga mlango kwa risasi mpya za Urusi mwaka 2021, urahisi huo uliondoka. Sasa iko jirani na 5.56 au juu yake. Mtu anayejifunza kwa dhati atafyatua kama risasi 2,000 mwaka wa kwanza. Nilimpigia hesabu nyuma ya bahasha: .22 ni dola 160, AR ni dola 1,000. Tofauti ni 840, na kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni zaidi ya 108,000. Mama yake alikuwa akipita na sinia, akasimama. "Huyo ni mtamba," akasema. "Mnataka kumchoma mtamba kwa kupiga karatasi?"

Mpwa wangu akajitetea kwamba atafyatua chache. Sikumwachia. Anayepiga risasi 20 kwa mwezi kwa sababu ni ghali hajifunzi kitu, anajikumbusha tu kwamba ana bunduki.

Kuna jambo lingine ambalo bei haikuonyeshi, na hili nilijifunza kwa bega langu. Mimi nilianzia kwenye G3. Bunduki hiyo ina uzito unaopita kilo 4 na inafyatua 7.62×51, risasi kubwa kuliko ya Kalashnikov. Nilikuwa kijana wa miaka 20 mwenye mbavu za kuhesabika. Siku ya kwanza risasi zangu zilitua chini ya shabaha, zote, na mimi nikalaumu bunduki. Mkufunzi hakubishana. Alichukua magazini yangu, akanipa mgongo, akanirudishia. Katikati alikuwa amepenyeza risasi bandia. Nilipoifikia, mlio haukutoka, lakini mtutu ulizama chini kama jogoo anayedonoa. Niliuona kwa macho yangu mwenyewe. Kila mara mwili wangu ulikuwa unaogopa teke kabla halijaja, na unaisukuma bunduki chini kulizuia. Ilinichukua miezi kuuondoa ugonjwa huo, na kuna siku unanirudia.

Ndiyo maana kwa mwanafunzi naipa .22 alama nyingi. Teke lake ni kama mtu kukugusa begani akupe salamu. Mwili hauna cha kuogopa, kwa hiyo haujifunzi woga, na macho yanapata nafasi ya kufanya kazi yao. AR-15 nayo si mkali, nikiri. Wengi hushangaa jinsi 5.56 isivyosukuma. Tatizo lake ni mlio. Bunduki ndefu ya .22 hufika karibu desibeli 140, mpaka ambapo mlio mmoja tu unaweza kuanza kuumiza sikio. AR hupita 155, na uwanja wenye paa unaurudisha mlio ule usoni mwako. Kwa zote unavaa vizuia sauti vya masikioni, hilo halina mjadala, lakini chini ya vizuia sauti hivyo kifua bado kinausikia mshindo wa AR, na kifua ndicho kinachoanza kudonoa.

Ya ukoo wa Kalashnikov inasukuma zaidi kuliko AR, ingawa haifikii G3.

Kimashine, kila moja ina tabia yake. AR-15, ambayo herufi zake ni za ArmaLite, kampuni ambako Eugene Stoner aliisanifu kabla ya Colt kununua haki zake 1959, inafunguka vizuri ajabu. Unasukuma pini mbili, inakunjuka kama kibweta, na sehemu zinazosogea zinatoka mkononi mwako. Moshi wa baruti unarudi ndani ya bunduki yenyewe, kwa hiyo inataka mafuta, lakini mwanafunzi anaweza kuisafisha mezani kwa robo saa. Risasi ya mwisho ikiisha, inabaki wazi na kukuonyesha kwamba imekwisha. Kitako kinarefuka na kufupika, jambo zuri kwa nyumba yenye mume mrefu na mke mfupi.

Ruger 10/22 imekuwa sokoni tangu 1964 na vipuri vyake vinapatikana kila mahali. Magazini yake ya risasi 10 ni ya kuzunguka, imejificha ndani ya mbao bila kuning'inia. Kuisafisha kunachosha: unafungua skrubu, unaitoa kwenye mbao, na mtutu unausugulia mbele kwa sababu nyuma kumezibwa. Ile ya kawaida haibaki wazi risasi zikiisha, kwa hiyo mwanafunzi anavuta triga kwenye chemba tupu akidhani bado. Na risasi za .22 zenyewe zina uchafu na hugoma mara moja moja. Ikigoma, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, uhesabu sekunde 30 kabla ya kukoki, maana baruti inaweza kuwa inasinzia tu. Wanaokuuzia .22 hawakuambii haya. Mimi nakuambia, na bado naiweka juu.

Ile ya tatu sitaizungumzia sana. Usanifu wa Mikhail Kalashnikov wa 1947 unavumilia uchafu kuliko zote, hilo kila askari analijua. Ila mwanafunzi wa Dallas hapigani matopeni. Sefti yake ni bati refu upande wa kulia linalolia kama mlango wa kanisa, magazini inaingia kwa kubembea badala ya kusukumwa moja kwa moja, vilengeo viko karibu karibu, na kwa kawaida haibaki wazi ikiisha. Halafu kuna langu binafsi. Nimefanya kazi Baringo, ambako wezi wa mifugo hubeba bunduki hizo. Umbo lile mimi siwezi kulitazama kama kifaa cha Jumamosi, na sikujisumbua kuficha hilo. "Basi hiyo tuitoe," mpwa wangu akasema, akaifuta picha.

Zikabaki mbili, na hapo akatoa hoja yake nzito: matumizi. Ana rafiki mwenye shamba nje ya mji, na nguruwe mwitu wanalichimba. Texas, tangu 2019, hauhitaji leseni ya uwindaji kuwapiga nguruwe hao kwenye shamba la mtu binafsi mradi mwenyewe amekuruhusu. Hapo AR ina haki. Risasi ya .22 kwa nguruwe mkubwa ni ukatili, itamjeruhi akafie vichakani. Na paa wa Texas, sheria yenyewe inakataza kumpiga kwa risasi za rimfire, yaani zinazogongwa ukingoni mwa ganda kama hizi ndogo za .22. Nilimwuliza ni lini ataweza kuweka risasi tano mfululizo ndani ya kifuniko cha kopo la mafuta ya Kimbo akiwa mita 50. Akanyamaza. Basi nguruwe hao wanaweza kumsubiri.

Hoja ya kulinda nyumba aliitaja kwa aibu, kwa sababu alijua nitauliza habari za mtoto. Ana binti wa miaka minne. Nyumba za kule ni mbao na jipsamu, si mawe ya kuchonga kama hizi zetu, na risasi ya bunduki yoyote kati ya hizi inapita ukuta na kumfikia aliyelala chumba cha pili au jirani. Bei ya sefu iingie kwenye bei ya bunduki tangu mwanzo, pamoja na vizuia sauti vya masikioni na miwani. Kama pesa haitoshi vyote, basi bado hujawa na pesa ya bunduki.

Somo la kwanza tulilifanya hapa hapa, nyuma ya nyumba, bila silaha. Tulitandika mkeka, nikampa mpini wa jembe, na mita 20 mbele nikaegesha kifuniko cha Kimbo kwenye nguzo ya ua. Alilala kifudifudi, akauweka mpini begani, akalenga. "Sasa funga macho," nikamwambia. "Vuta pumzi mara mbili, legeza mikono, fungua." Mpini ulikuwa umehamia kwenye kamba ya nguo. Alitaka kuurudisha kwa mikono, nikamkataza. Mikono ikilazimisha, itachoka, na risasi itafuata uchovu. Unasogeza kiuno na mapaja hadi mpini wenyewe uangalie kifuniko ukiwa umelegea. Alijaribu mara sita. Ya saba, alifungua macho na mpini ulikuwa pale pale.

Kisha nikaweka sarafu ya shilingi kumi juu ya ncha ya mpini. Kazi yake ilikuwa kukunja kidole polepole, mwisho wa kutoa pumzi, kama anayekamua chungwa, sarafu isianguke. Kabla ya hapo kidole kilale kando, kimenyooka, kisiguse mahali pa triga hadi macho yawe kwenye shabaha. Sarafu ilianguka mara nyingi. Mke wangu alitoka na beseni la nguo akatukuta wanaume wawili tumelala chini tunanong'ona. "Mmepoteza ufunguo?" akauliza. Hatukumjibu.

Kwa mwalimu wa kule, nilimwelekeza kwa Project Appleseed. Ni mafunzo ya wikendi, siku mbili, shabaha ziko mita 25, na wengi wa wanafunzi huja na bunduki za .22 kwa sababu ya bei ya risasi. Mlalo, mkao, kupumua, mkanda begani: yale yale ya mpini wa jembe, ila kwa mlio. Nilimwambia aende huko kabla hajaunganisha hata darubini. Wanaoanza na kilengeo cha nukta nyekundu hupata haraka na kujua kidogo.

Hukumu yangu ilikuwa hivi. Kama una chini ya dola 1,000 kwa kila kitu, sefu na risasi zikiwemo, chukua ya .22 na usiangalie nyuma. Kama utanunua moja tu maishani, una shamba la kwenda, na pesa ya risasi 2,000 za 5.56 haikunyimi usingizi, AR-15 itakutosha zaidi, ila tafuta mwalimu mvumilivu. Kwa waliokwama katikati kama mpwa wangu, mwenye moyo wa AR na mfuko wa .22, ipo Smith & Wesson M&P15-22. Ni umbo la AR linalokula .22: sefti iko pale pale kwenye dole gumba, kitufe cha magazini ni kile kile, kitako kinarefuka, risasi ya mwisho inaiacha wazi. Ni ya plastiki nyingi, nyepesi kama mwanasesere, na mimi mwenyewe ningechukua 10/22 kwa sababu napenda mbao shavuni. Lakini siku akihamia AR yenyewe, vidole vyake havitakuwa na kitu kipya cha kujifunza.

Alinunua hiyo ya plastiki mwezi wa pili. Wiki ya tatu akanitumia picha kwa WhatsApp: karatasi ya shabaha, risasi kumi, mita 25. Saba zimebanana kiasi cha kufunikwa na sarafu. Tatu zimeanguka chini, kila moja peke yake.

Nikamwandikia: "Mbona hizo tatu?"

"Upepo, mjomba."

Mita 25, upepo. Nikamwuliza nani humjazia magazini. Akasema hujijazia mwenyewe. Nikamwambia anunue risasi bandia za plastiki, zile za rangi, halafu mkewe ndiye ajaze na achanganye anavyotaka bila kumwonyesha.

Jumamosi iliyofuata, saa tano usiku kwa saa zetu, simu ikalia kwa ujumbe mmoja tu: "Mjomba, jogoo anadonoa."